Sura ya Nne: Nipe Vile Viko

Watu wengi wanaijua Kavimvira kwa sababu ya mpaka. Ukitoka Bujumbura unapita Gatumba, unaonyesha karatasi zako, unavuka, na hapo hapo uko Kongo: waendesha pikipiki wanakugombania, wabadilisha fedha wanakuita kwa mkono, na barabara inakuchukua kusini hadi Uvira mjini, milima ikiwa kulia kwako na ziwa kushoto. Ni wachache wanaokata kona kabla ya mji ili wakaangalie mitumbwi inavyorudi alfajiri.

Mimi nilikata kona kwa ajili ya kijana mmoja. Alikuwa mwaka wa tatu wa chuo, anaandika ile kazi ya kumaliza masomo ambayo huku tunaiita TFC, na alikuwa ameniambia kwamba nikitaka kujua mtu anaanzaje kuwa mtafiti wa wanyama, nimfuate ufukweni saa kumi na mbili asubuhi. Nilitarajia darubini, au angalau koti jeupe. Alikuja na kandambili, daftari ndani ya mfuko wa plastiki, na noti chache za franka amezikunja kiganjani.

Mitumbwi ilikuwa imekwisha kufika. Akina mama walikuwa wameyazunguka mabeseni ya ndagala, na mchezo wa kila siku ulikuwa umeanza. Mnunuzi anatumbukiza mkono, anapindua, anatafuta wale wakubwa wanaong'aa ambao matumbo hayajapasuka. Muuzaji naye ni bingwa kumzidi: wazuri amewatandaza juu, waliopondeka wamelala chini. Kijana akachuchumaa mbele ya beseni moja, akamwomba mwenye beseni achote kopo moja kutoka juu, moja kutoka pembeni, na moja kutoka chini kabisa.

"We mutoto, hauchague?"

"Hapana, mama. Nipe vile viko."

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi, kama mtu mzima niliyepaswa kumwokoa huyu mtoto wa watu. "Nyinyi watu wa masomo muko na mambo," akasema, akachota. Bei hakupunguza.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini anajipunja. Akanijibu kwamba akichagua wakubwa ataandika kuwa ziwa limejaa samaki wakubwa, na mwalimu wake atafurahi, na itakuwa uongo. Alisema hivyo bila kujivuna, kama fundi anayekueleza kwa nini bati linapigiliwa hapa na wala si pale. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza sayansi ya wanyama inaanzia wapi, namwambia inaanzia kwenye beseni la Kavimvira, pale unapolipa pesa zako mwenyewe kwa samaki ambaye mpishi angemtupa.

Nyumbani kwao aliwamwaga juu ya meza iliyotandikwa nailoni. Ndagala akiwa mbichi ana mstari wa fedha ubavuni, na magamba yake hayashiki: ukimgusa tu yanakuja na kidole, na baada ya samaki 20 mikono yako yote inametameta kama ya mtoto aliyechezea karatasi za sikukuu. Alikuwa na ubao wenye rula iliyopigiliwa misumari. Mdomo wa samaki unagusa kijiti cha mwanzo, mkia unalazwa, macho yanasoma kwenye panda ya mkia, na mdogo wake wa kike anaandika. Sabini na mbili. Sitini na nane. Sabini na tano. Milimita, samaki mmoja baada ya mwingine, hadi 200. Ilichukua asubuhi nzima, na katikati ya kazi nzi walikuwa wengi kuliko data.

Sisi hatukufundishwa hivyo. Tulipokuwa sekondari, katika shule ambayo sitaitaja, mwalimu wa biolojia alituchorea chura ubaoni. Chura yule alitoka katika kitabu cha Ulaya. Tulijifunza moyo wake, mapafu yake, na namna anavyolala usingizi wakati wa theluji. Nje ya dirisha, maana ilikuwa masika, vyura wa kwetu walikuwa wakipiga kelele mpaka mwalimu akalazimika kupandisha sauti ili tumsikie anavyomweleza yule aliyelala. Hakuna aliyecheka. Leo ninaona darasa lile lilikuwa kichekesho kamili, na pia naona lilivyotufunga macho. Tulidhani wanyama wa kuchunguzwa wako mahali pengine, na kwamba mtu wa kuwachunguza huzaliwa huko huko.

Kumbe juu ya vichwa vyetu kulikuwa na Itombwe. Milima ile unayoiona kutoka ziwani, inayopanda nyuma ya Uvira kuelekea magharibi, ina vyura wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mbelgiji Raymond Laurent aliwafuata huko, na mwaka 1951 alimtangaza kwa wanasayansi mmoja wao, mdogo, mwenye mng'ao wa shaba, akampa jina Chrysobatrachus cupreonitens. Laurent aliendelea na kazi yake katika mabara matatu na mwisho akahamia Tucumán, Argentina, alikofariki mwaka 2005. Wazee wa milimani bila shaka walikuwa na jina lao la chura yule kabla Laurent hajazaliwa. Lakini jina hilo halikuandikwa kwenye karatasi inayosomwa mbali, na hapo ndipo biashara nzima ya utafiti ilipokaa kwa muda mrefu: kujua kwa wenyeji, kuandika kwa wageni.

Uvira yenyewe iliingia katika sayansi kupitia maji. Taasisi ya utafiti ya Wabelgiji, IRSAC, iliundwa mwaka 1947, makao yake makuu yakiwa Lwiro, karibu na Bukavu, na kituo chake cha mambo ya ziwa kikawekwa Uvira. Georges Marlier alifanyia kazi hapo, akichunguza viumbe wa ukingoni mwa ziwa. Kituo kilibadilisha mabwana na majina jinsi nchi ilivyobadilika, na leo kinaitwa Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, ambacho kila mtu mjini anakitaja kwa herufi zake za Kifaransa: CRH.

Ukitazama ramani utaelewa kwa nini walichagua hapa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal pekee linalolizidi. Kingo zake nyingi zinashuka kwa ghafla, kwa hiyo mtafiti hahitaji meli ili kufikia maji marefu, mtumbwi unatosha. Na uhai wote wa samaki umebanwa kwenye tabaka la juu, kwa sababu upande huu wa kaskazini hewa ya oksijeni inaishia kwenye kina cha mita 100 hivi. Chini ya hapo ni giza lisilo na pumzi, zaidi ya kilomita moja ya maji ambamo samaki hawezi kuishi. Mtoto wa Kavimvira amelala kila usiku karibu na maajabu hayo, na pengine hajaambiwa.

Waliokuja kuyatangaza zaidi walikuwa Wajapani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, timu ya Hiroya Kawanabe wa Chuo Kikuu cha Kyoto ilianza kuzamia pwani za kaskazini-magharibi, ikishirikiana na watafiti wa hapa. Walichokuwa wakikitafuta kilikuwa rahisi kukisema na kigumu kukifanya: samaki wa aina nyingi hivyo, wamejaa kwenye mwamba mmoja, wanaishije bila kumalizana? Familia ya sikilidi peke yake ina aina karibu 250 ndani ya ziwa hili. Wajapani walivaa miwani ya kupigia mbizi, wakalala kifudifudi juu ya maji, wakatazama. Waliporudi tena mwaka uliofuata, wakatazama tena.

Walichokiona kinahitaji kitabu kizima, na kipo, kilitoka Kyoto mwaka 1997. Tetsu Sato aligundua kambare anayefanya ziwani mambo ambayo tulidhani ni ya ndege peke yao. Sikilidi fulani huatamia mayai mdomoni. Kambare huyu, Synodontis multipunctatus, hupenyeza mayai yake kati ya yale ya mama, na watoto wake wanaanguliwa mapema, wanawala wenye nyumba mle mle mdomoni mwa mama, naye mama anaendelea kuwalea. Habari hiyo ilitoka mwaka 1986. Yasunobu Yanagisawa naye alieleza jinsi wazazi wa samaki mwingine wanavyowachukua watoto wao na kuwapeleka kulelewa katika kundi la wazazi wengine, kama tunavyopeleka mtoto kwa shangazi shule zikifungwa, tofauti ikiwa kwamba shangazi hakuulizwa.

Samaki huyo mwenye kupeleka watoto kwa shangazi anaitwa Perissodus microlepis, na anastahili tumkalie kidogo. Riziki yake ni magamba. Hali mwili wa mwenzake. Anamvizia kutoka nyuma, anamrukia ubavuni, anang'oa magamba kadhaa, anakimbia. Sasa mtazame mdomo wake kwa karibu: umepinda. Kuna ambao mdomo umepindia kulia na kuna ambao umepindia kushoto. Wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa mhanga, wa kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Ukimpasua tumbo, magamba yaliyomo yenyewe yatakuambia yalitoka ubavu gani.

Michio Hori aliwahesabu mwaka baada ya mwaka. Akagundua kwamba wapindao kulia na wapindao kushoto hawatulii kwenye idadi moja. Wa kulia wanaongezeka kidogo, halafu wanapungua, wa kushoto wanashika zamu, na mzunguko huo unachukua kama miaka mitano, nusu kwa nusu ikiwa katikati kama mhimili wa mzani. Maelezo yake: wakiwa wengi wa kulia, samaki wengine wanajifunza kulinda ubavu wa kushoto, kwa hiyo wachache wa kushoto wanashiba na kuzaa zaidi. Kisha mambo yanageuka. Makala yalitoka katika jarida la Science la Marekani mwaka 1993, na wanafunzi wa mageuzi ya viumbe wanayasoma hadi leo, ingawa wengine walikuja kubishana naye kuhusu ni kiasi gani cha kupinda huko ni cha kurithi.

Ninachokitaka hapa ni ule muda. Mtu aliyekuja kwa msimu mmoja angehesabu, angepata wengi wa kulia, angeandika kwamba huyu ni samaki wa kulia, na angepanda ndege. Asingekuwa amekosea hesabu hata moja.

Kwenye maktaba nilikutana na makala mengine kuhusu samaki huyo huyo, ya mwaka 1985, yaliyochapishwa katika jarida la elimu ya samaki la Japani. Yanaeleza kwamba akiwa mdogo Perissodus anakula vijidudu vya majini, na magamba anayaanza akikua. Waandishi ni watatu. Wawili ni Wajapani, Yanagisawa na Nagoshi. Wa kwanza, yule ambaye jina lake ndilo linalobeba makala, ni Nshombo, Mkongomani. Mwaka 1991 akaandika kuhusu jamaa wa samaki huyo anayedokoa mayai mara mojamoja. Mwaka 1994 akaandika tena kuhusu Perissodus, safari hii kuhusu rangi zake na namna anavyowinda. Ukiyaweka makala hayo matatu mezani kwa kufuatana, unaona njia ya mtu ilivyopita. Alikuta wageni kwenye maji ya kwao, akaingia majini pamoja nao, na badala ya kubaki mbeba mitungi ya hewa ya kuzamia akashika swali moja, akalikamata kwa karibu miaka kumi.

Nasema "mbeba mitungi" bila dharau. Kwenye kila utafiti uliotoka ziwa hili yupo mpiga kasia aliyejua mwamba uko wapi, mtega nyavu aliyejua samaki analala saa ngapi, mpishi aliyejua nani amepata malaria. Wengi hawakuandikwa. Lakini ni kosa pia kudhani kwamba kazi hiyo ilikuwa ukuta. Kwa baadhi ilikuwa ngazi, na anayetaka kujua vijana wa mji mdogo wanaingiaje katika utafiti aangalie mitumbwi hiyo kabla hajaangalia vyeti. Vyeti vinahitajika, sikatai: sekondari ya biolojia na kemia, mtihani wa serikali, kisha chuo Bukavu, Kisangani au Lubumbashi kwa mwenye ndugu wa kumpokea. Lakini nimekutana na wenye vyeti vyote hivyo ambao hawajawahi kumshika samaki ila mezani.

Kati ya watu wa CRH, ninayemrudia mara kwa mara ni Mulimbwa N'Sibula. Hakuchagua samaki wa ajabu. Alichagua wawili wanaoliwa katika kila nyumba: ndagala, ambaye vitabu vinamwita Stolothrissa tanganicae, na lumbu, Limnothrissa miodon. Mwaka 1994 yeye na Mjapani Shirakihara walitoa makala kuhusu ukuaji na uzazi wa samaki hao upande huu wa kaskazini-magharibi. Mwaka 2014 akatoa mengine, pamoja na Raeymaekers na Sarvala, mmoja mtaalamu kutoka Ubelgiji na mwingine kutoka Ufini, kuhusu jinsi samaki hao hao wanavyofuata majira ya kopepodi, vile vijidudu mfano wa kamba ambavyo ndicho chakula chao. Miaka 20 imepita kati ya makala na makala. Samaki ni wale wale wawili, na ufukwe ni ule ule.

Kijana wangu wa Kavimvira alikuwa akifuata mbinu ambayo watu wa samaki wanaitegemea kote katika nchi za joto, na inafaa nieleze, maana ndipo utamu ulipo. Samaki hana cheti cha kuzaliwa. Ulaya unaweza kusoma umri wake kwenye magamba kama mtu anayehesabu pete za mti, kwa kuwa baridi kali inamsimamisha kukua na kuacha alama. Ziwa letu halina baridi kali. Sasa utajuaje ndagala anakua kwa kasi gani?

Fikiria shule ya msingi. Simama mlangoni mwezi wa kwanza, upime urefu wa kila mtoto anayeingia bila kumruka hata mmoja. Chora idadi yao kwa kila urefu. Mchoro utakuwa na nundu: hapa wamerundikana wa darasa la kwanza, pale wa darasa la pili. Rudi baada ya miezi kadhaa, upime tena. Nundu zimesogea kulia. Humjui mtoto yeyote kwa jina na hukumpima yule yule mara mbili, lakini umeona darasa zima likirefuka. Kwa ndagala ni hivyo hivyo, ila kwa kasi ya kutisha, kwa kuwa maisha yake yote yanazidi mwaka mmoja kidogo tu na ni nadra avuke sentimita 10. Mwezi mmoja ukikupita, nundu imekutoroka.

Na ndiyo maana ya kutokuchagua. Ukiruka watoto wafupi mlangoni, nundu ya darasa la kwanza haipo, na utaandika kwamba kijiji kile hakizai.

Nilimuuliza yule kijana anawatofautishaje ndagala na lumbu wakiwa wadogo. Akacheka, akanipa wawili kiganjani. Ndagala mwembamba, lumbu mwenye kifua. Wakubwa hata mimi ninawajua, kwani lumbu anaweza kufika sentimita 17. Lakini hao wawili walikuwa na urefu wa kucha, na nilikosea mara tatu mfululizo. Mdogo wake wa kike, yule mwandishi, hakukosea hata mara moja.

Lumbu ana kisa chake pembeni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Wabelgiji walichukua vifaranga vya samaki upande huu wa kaskazini wa ziwa, wakawapandisha hadi Ziwa Kivu, ambalo katikati yake lilikuwa kama jangwa, halina samaki wa kuvua. Ndagala hawakushika. Lumbu wakashika, wakazaana, na leo Bukavu na Goma wanaitwa sambaza, na mtu wa Goma atakuapia kwamba ni samaki wa babu yake. Jamaa zake wengine walichukuliwa upande wa Zambia, wakatiwa katika bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968, wanakoitwa kapenta. Kwa hiyo mtoto wa Uvira anayempima lumbu kwenye ubao wa rula anapima samaki anayelisha watu hadi Zimbabwe.

Mwaka 2003 hesabu za namna hii ziligeuka ghafla kuwa hoja ya dunia. Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri kama zamani, mbolea iliyoko kilindini haipandi, na uzalishaji umeshuka kwa kama asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2006 Sarvala, yule yule mwenzake Mulimbwa, pamoja na wengine wakajibu: tazameni kwanza uvuvi wenyewe, maana idadi ya samaki wanaofika pwani imefuata zaidi mabadiliko ya mitego na mitumbwi kuliko hali ya hewa. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakarudi na matope yaliyochimbwa chini ya ziwa, wakionyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua tangu karne ya 19, kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza.

Mimi ningewauliza wote jambo moja. Mnabishana kwa hesabu za nani? Setilaiti haioni ndagala. Matope yanasema karne, hayasemi mwezi. Mtu wa kusema mwezi ni yule mwenye kandambili na ubao wa rula, na mshahara wake, kama upo, ni wa mtumishi wa serikali ambaye hajui utakuja lini. Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaa, uamuzi wa kuchagua miezi hiyo ulihitaji mtu anayejua samaki wanazaa lini. Nisingependa kuwa waziri anayepanga miezi bila daftari kama lile.

Kuna mzigo mwingine ambao hausemwi: lugha. Ufukweni unauliza kwa Kiswahili, au kwa Kivira au Kifuliiru kama mzee ni wa kule. Chuoni unaandika kwa Kifaransa. Samaki ana jina la Kilatini. Jarida linataka Kiingereza, na mgeni mwenzako akikasirika anakasirika kwa Kijapani. Kila hatua kitu kinadondoka. Mvuvi akisema maji "yamegeuka", anasema kitu kamili: rangi, harufu, upepo uliotangulia, na samaki watakaofuata. Nimeona neno hilo likifika kwenye makala likiwa limebaki "mabadiliko ya majira". Kijana wangu ana ukurasa wa mwisho wa daftari ambao hauonyeshi kwa mwalimu wake. Humo anaandika maneno ya wavuvi vile yalivyosemwa. Nilimsihi asiutupe.

Halafu kuna kukatizwa. Mwezi Oktoba 1996 vita viliingia Uvira. Wenye mfululizo wa vipimo vya miaka walikimbia wakauacha, au waliubeba kichwani. Kazi ya Wajapani iliendelea upande wa Zambia, karibu na Mpulungu, kwenye maji ya ziwa lile lile lakini mamia ya kilomita kutoka kwenye mwamba wa mwanzo. Vita vikarudi mwaka 1998. Kisha yakaja maji: mafuriko ya mto Mulongwe Aprili 2020, na ziwa lenyewe lililopanda miaka iliyofuata hadi nyumba za huku Kavimvira zikabaki na madirisha juu ya maji. Mtu wa hapa akikuambia amefanya utafiti kwa miaka 20, usiione kama miaka 20 ya mtu wa Kyoto.

Nilirudi kwa kijana baada ya wiki mbili. Ufukwe ulikuwa mtupu. Mbalamwezi ilikuwa imejaa usiku ule, na wavuvi wa taa hawatoki mbalamwezi ikijaa, kwa kuwa samaki hawaifuati taa wakati ziwa zima limewaka. Mitumbwi ilikuwa imefungwa miwili miwili kwa miti, nyavu zimeanikwa, na mama wa beseni alikuwa amekaa kivulini anasuka nywele za binti yake.

"Leo hata ungechagua haungepata," akamwambia.

Kijana akafungua daftari ukurasa wa tarehe hiyo. Mdogo wake alikuwa amekwisha andika 0, kwa mwandiko mzuri wa shuleni. Akaichukua kalamu, akaifuta ile sifuri kwa mistari miwili, na badala yake akachora kistari. Msichana akauliza kuna tofauti gani, si samaki hawapo?

"Sifuri ni wakienda wakose," akamwambia. "Leo hawakwenda."

Akamrudishia kalamu, na kwa siku tano zilizofuata, mpaka mbalamwezi ilipoanza kuchelewa kutoka, msichana aliandika kistari.